Jinsi Waziri Aulizwavyo Bungeni

Msimamizi na Hesabu Yake

Mwenye shamba kubwa hawezi kulima peke yake, wala hawezi kuwa kila mahali kwa siku moja. Basi huweka msimamizi, humpa funguo za ghala, humkabidhi fedha za kuwalipa vibarua, kisha huenda katika shughuli zake. Lakini msimamizi anajua kwamba siku itafika ambapo ataitwa na kuambiwa, "Haya, toa hesabu. Magunia ya mahindi yalikuwa mangapi? Jembe hili limevunjikaje? Na kibarua yule mgonjwa, alipewa dawa?" Msimamizi mwema haiogopi siku hiyo. Msimamizi mbaya huiogopa, na pengine hofu hiyo ndiyo imzuiayo asiibe.

Serikali yafanana na msimamizi huyo. Watu hutoa kodi, na kwa fedha hizo barabara hutengenezwa, shule hujengwa, wagonjwa hutibiwa, na askari hulipwa mishahara. Mawaziri ndio waliokabidhiwa kazi hizo, kila mmoja na yake: huyu elimu, huyu afya, huyu maji, huyu fedha. Lakini mwenye shamba ni mmoja, naye aweza kumwita msimamizi wake mbele ya mlango wake. Wenye nchi ni mamilioni, nao wametawanyika vijijini na mijini. Je, watu wengi namna hiyo watamwitaje waziri na kumdai hesabu?

Hapo ndipo ionekanapo faida ya bunge. Kazi mbili za bunge hujulikana na wengi, yaani kutunga sheria na kukubali matumizi ya fedha za Serikali. Lakini iko kazi ya tatu, nayo haina fahari kubwa, kwa maana hufanywa kwa maneno machache tu. Kazi hiyo ni kuuliza.

Swali la Mwaka 1721

Desturi ya kuwauliza mawaziri mbele ya bunge ilikua polepole katika nchi ya Uingereza. Swali la kwanza ambalo habari yake imeandikwa liliulizwa mwezi wa Februari mwaka 1721, katika Baraza la Makabaila mjini London. Siku zile palikuwa na msiba mkubwa wa fedha. Kampuni moja iliyoitwa Kampuni ya Bahari ya Kusini ilikuwa imewavuta watu wengi kununua hisa zake kwa bei kubwa mno, na mwaka 1720 bei hiyo ilianguka ghafula. Watu wengi wakapoteza mali yao. Mweka hazina wa kampuni, jina lake Robert Knight, akakimbia nchi.

Ndipo Lord Cowper aliposimama akamwuliza Lord Sunderland, aliyekuwa mkuu katika Serikali, kama ni kweli kwamba Knight amekamatwa ng'ambo. Lord Sunderland akajibu kwamba ni kweli. Mambo yakaisha hapo, swali moja na jibu moja. Lakini jambo kubwa lilikuwa limetendeka. Mtu wa Serikali aliulizwa waziwazi mbele ya wenzake, wala hakusema, "Hayo si yako kujua." Alijibu.

Tangu wakati huo desturi ilikua. Katika karne ya 19 maswali yakawa sehemu ya kazi ya kila siku ya bunge. Mwaka 1961 Waziri Mkuu akatengewa nafasi zake za kujibu, robo saa mara mbili kila juma. Mwaka 1997 zikaunganishwa kuwa nusu saa moja, na tangu hapo hujibu kila Jumatano bunge linapokutana.

Kanuni za Kuuliza

Mtu akisikia kwamba wabunge huwauliza mawaziri, huenda akadhani kwamba kila mmoja hupaza sauti apendavyo, kama watu walio sokoni. Sivyo. Kuuliza kuna kanuni zake.

Kwanza, mbunge huandika swali lake na kulipeleka kwa makarani wa bunge siku kadhaa kabla ya siku ya kujibiwa. Makarani hulitazama kama ni swali kweli. Maana wako watu ambao hutaka kuhutubu, nao huvika hotuba yao nguo ya swali. Swali lazima litake habari, au limtake waziri atende jambo. Tena lazima liwe juu ya kazi iliyo mikononi mwa waziri yule: Waziri wa Elimu haulizwi habari za meli, wala Waziri wa Maji haulizwi habari za majeshi. Tena jambo lililo mbele ya mahakama haliulizwi, ili mahakimu wasije wakavutwa huku na huku.

Pili, swali huchapwa katika karatasi ya shughuli za siku, kila mtu alione. Waziri naye huliona mapema, akawaagiza maofisa wake watafute habari. Hapo huenda karani wa wilaya ya mbali akaletewa barua: "Taja hesabu ya vitanda katika hospitali yako. Eleza kwa nini gari la wagonjwa halijatengenezwa." Karani huyo hajapata kumwona mbunge, wala mbunge hamjui. Lakini kwa sababu ya swali moja, kitabu chake cha hesabu kimefunguliwa.

Tatu, siku ikifika, Spika humwita mbunge kwa zamu. Mbunge hasemi na waziri moja kwa moja. Maneno yote huelekezwa kwa Spika. Desturi hiyo ina hekima, kwa kuwa watu wawili wenye hasira wakisema kupitia kwa mtu wa tatu, hasira yao hupoa kidogo.

Nne, kila neno huandikwa. Katika bunge la London taarifa hiyo huitwa Hansard, kwa jina la mchapaji wa zamani. Mabunge mengine mengi yamelichukua jina hilo pamoja na desturi yenyewe. Waziri akisema leo kwamba daraja litajengwa, mtu aweza kufungua taarifa hiyo baada ya miaka kumi na kuuliza, "Daraja li wapi?"

Swali la Nyongeza

Lakini mtu mwerevu atasema, "Ikiwa waziri huliona swali mapema, na maofisa wake humwandikia jibu, basi ugumu uko wapi? Atasoma karatasi yake na kuketi."

Jibu ni kwamba baada ya swali la kwanza huja swali la nyongeza. Waziri akiisha kusoma jibu lake, mbunge husimama tena na kuuliza lingine litokanalo na jibu lile. Hilo halikupelekwa kwa makarani, wala waziri hajaliona. Tena Spika aweza kuwaruhusu wabunge wengine nao waulize juu ya jambo lile lile.

Tazama mfano. Mbunge ameuliza kama zahanati za wilaya fulani zina dawa za kutosha. Waziri ajibu kwamba dawa zilipelekwa mwezi uliopita. Jibu hilo ni zuri, na watu wapiga makofi. Ndipo mbunge asimame na kuuliza, "Je, Waziri anajua kwamba dawa hizo zimelala katika ghala la wilaya, kwa kuwa lori limeharibika, na kwamba zahanati hazijapata hata kidonge kimoja?" Sasa karatasi haimsaidii tena. Ikiwa anaijua kazi yake, atajibu. Ikiwa haijui, itaonekana. Na akijaribu kusema yasiyo kweli, atakuwa amejitega, kwa sababu wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Swali la kwanza hulifikia jibu lililotengenezwa. Swali la pili huipita karatasi na kuitafuta kweli yenyewe.

Habari za Hola

Nguvu ya maswali, na udhaifu wake pia, vilionekana wazi mwaka 1959, katika jambo lililotokea Kenya likaulizwa London.

Wakati ule Kenya ilikuwa koloni la Waingereza. Gavana alitawala Nairobi, lakini aliwajibika kwa Waziri wa Makoloni aliyekuwa London, na Waziri huyo aliwajibika kwa bunge la Uingereza. Tangu mwaka 1952 nchi ilikuwa katika hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau, na maelfu ya watu walikuwa wametiwa kizuizini bila kuhukumiwa. Baadhi yao walikuwa katika kambi ya Hola, karibu na Mto Tana. Wengi katika hao walikataa kufanya kazi waliyolazimishwa. Maofisa wakaandika mpango wa kuwatia kazini kwa nguvu, na wakubwa wao wakaukubali.

Tarehe 3 Machi 1959, watu zaidi ya 80 walitolewa kambini wakapelekwa kazini, huku wakizungukwa na askari wenye marungu. Wakapigwa vibaya. Watu 11 wakafa, na wengine wengi wakajeruhiwa. Lakini taarifa ya kwanza ya Serikali haikutaja marungu. Ilisema kwamba watu wale walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji.

Kama jambo lingeishia hapo, dunia ingeamini kwamba maji ndiyo yaliyowaua. Lakini miili ilichunguzwa na madaktari, na hakimu akafanya uchunguzi wa vifo, ikaonekana kwamba watu wale waliuawa kwa kupigwa. Ndipo wabunge wa London walipokaza maswali yao. Walitaka kujua ni nani aliyeukubali mpango ule, na kwa nini taarifa ya kwanza ilitaja maji. Tena waliuliza, ikiwa wakubwa walijua yaliyotukia, ni nani atakayebeba lawama.

Miongoni mwa waliouliza kwa bidii alikuwa Barbara Castle, mbunge wa mji wa Blackburn. Mama huyu alikuwa wa chama kilichoipinga Serikali, naye aliwahi kusafiri mpaka Kenya mwaka 1955 ili achunguze mwenyewe jinsi watu walivyotendewa mikononi mwa askari. Aliyepaswa kujibu alikuwa Alan Lennox-Boyd, Waziri wa Makoloni.

Na yafaa kukumbuka jambo moja. Watu wa Hola hawakuwa na kura hata moja ya kumchagua mbunge wa London. Katika baraza la kutunga sheria la Nairobi Waafrika waliochaguliwa na watu wao walikuwa wameingia kwa mara ya kwanza mwaka 1957 tu, nao walikuwa wachache. Basi wale waliouliza London waliwaulizia watu ambao wasingeweza kuwalipa kwa kura wala kwa zawadi.

Usiku wa tarehe 27 Julai 1959 bunge lilizungumza habari za Hola mpaka usiku wa manane ukapita. Hapo alisimama mbunge wa upande wa Serikali yenyewe, Enoch Powell. Watu walitazamia kwamba atawatetea wenzake. Hakufanya hivyo. Alisema kwamba si haki kuwa na mizani moja kwa watu wa Uingereza na mizani nyingine kwa watu wa Afrika, na kwamba lawama lazima wabebe wale wakubwa walioukubali mpango. Siku zilizofuata watu wengi walisema kwamba hotuba ile ilikuwa miongoni mwa hotuba kuu za bunge lile, kwa maana ni rahisi kumwuliza adui, lakini ni vigumu kumwuliza rafiki.

Maswali Yaliyafanya Nini?

Hapa lazima kweli isemwe yote, si nusu yake. Maswali hayakuwafufua wafu. Serikali ilikuwa na wabunge wengi kuliko wapinzani wake, kwa hiyo haikuangushwa. Waziri hakuondolewa siku ile. Wala hakuna mtu aliyeshtakiwa mahakamani kwa vifo vya wale watu 11.

Lakini uongo wa maji haukusimama. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, baada ya uchaguzi, Waziri mwingine, Iain Macleod, aliwekwa mahali pa Lennox-Boyd. Mwezi wa Januari mwaka 1960 hali ya hatari iliondolewa katika Kenya, na mwezi wa Desemba mwaka 1963 Kenya ikapata uhuru. Sababu za mambo hayo zilikuwa nyingi, na jasho na damu ya watu wa Kenya wenyewe ndiyo iliyokuwa kubwa. Hata hivyo Hola iliwaonyesha watu wa Uingereza kwamba utawala ule hauwezi kuendelea bila aibu.

Kisha ikapita miaka mingi. Wazee waliokuwa wametiwa kizuizini wakati ule walikwenda mahakamani London kudai haki. Na tarehe 6 Juni 2013, waziri mmoja wa Uingereza, William Hague, alisimama katika bunge lile lile akakiri kwamba Wakenya waliteswa, akasema kwamba Serikali yasikitika, na kwamba kwa ajili ya madai ya watu 5,228 zitatolewa jumla ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi. Yaliyoulizwa usiku wa mwaka 1959 yalipata sehemu ya jibu lake baada ya miaka 54.

Maswali Katika Afrika ya Mashariki

Leo nchi za Afrika ya Mashariki zina mabunge yake zenyewe, wala hakuna haja ya kumngoja mtu wa mbali aulize.

Katika Tanzania, Katiba yenyewe yasema kwamba Bunge laweza kumwuliza waziri yeyote swali juu ya mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Mjini Dodoma, kikao cha asubuhi kikiisha kufunguliwa kwa sala, maswali ni miongoni mwa shughuli za kwanza. Hapo swali lililoandikwa huitwa swali la msingi, na yale yanayofuata huitwa maswali ya nyongeza. Siku ya Alhamisi hutengwa nafasi ya kumwuliza Waziri Mkuu papo kwa papo. Maswali mengi si ya vita wala ya mataifa makubwa. Ni ya kisima kilichokauka, ya shule isiyo na walimu wa kutosha, ya kivuko kilichochakaa, ya fidia ya shamba lililopitiwa na barabara. Lakini kwa mama anayeteka maji mbali, hakuna jambo kubwa kuliko kisima.

Katika Kenya mambo yamepangwa kwa njia nyingine. Kwa Katiba ya mwaka 2010, mawaziri si wabunge, wala hawana kiti bungeni. Kwa hiyo kwanza walikuwa wakiitwa mbele ya kamati za Bunge ili wajibu. Baadaye kanuni zilibadilishwa, wakaanza kuitwa tena mbele ya Bunge zima. Njia ni mbalimbali, lakini shabaha ni moja, kwamba aliyekabidhiwa mali ya watu asikae bila kuulizwa.

Udhaifu wa Maswali

Kuna waziri ambaye hujibu kwa maneno mengi yasiyo na kitu ndani yake, akasema kwamba "jambo hilo linashughulikiwa," mwaka huu na mwaka ujao. Kuna mbunge ambaye huuliza ili asikike tu, au huuliza swali tamu ili waziri ajisifu. Na kuna watu ambao hupiga makofi kwa sababu msemaji ni wa upande wao, bila kupima kama amejibu.

Dawa ya udhaifu huo haimo bungeni peke yake. Mbunge hawezi kuuliza juu ya kisima asichojua kwamba kimekauka; lazima watu wa kijiji wamwambie, tena wamwambie kweli, kwa hesabu na tarehe, si kwa uvumi. Na jibu likiisha kutolewa, lazima wawepo watu wa kulikumbuka. Ahadi isiyokumbukwa na mtu haina mdai, na deni lisilo na mdai halilipwi.

Wazee husema kuuliza si ujinga. Katika mambo ya nchi, kuuliza ni zaidi ya hapo: ni kazi ya mwenye mali. Msimamizi asiyeulizwa husahau polepole kwamba shamba si lake.

Maswali ya Somo

1. Kwa nini Serikali imefananishwa na msimamizi wa shamba?
2. Lord Cowper aliuliza nini mwaka 1721, naye alijibiwaje?
3. Taja kanuni 3 ambazo mbunge huzifuata anapouliza.
4. Swali la nyongeza hupita swali la kwanza kwa nguvu. Eleza sababu.
5. Taarifa ya kwanza juu ya vifo vya Hola ilisema nini? Ukweli ulijulikanaje?
6. Kwa nini ilikuwa vigumu kwa Enoch Powell kusema aliyoyasema?
7. Fikiri juu ya jambo moja la kijijini au mtaani kwako, kama maji, barabara au zahanati. Andika swali moja la kumwuliza waziri wa jambo hilo, kisha andika swali moja la nyongeza. Angalia lisiwe hotuba.